Kiungulia Kisichokoma: Wasomaji Wanauliza, Daktari na Mfamasia Wanajibu

Mwezi huu safu nzima ni ya kiungulia sugu, yaani kile kinachomrudia mtu mara mbili au zaidi kwa wiki, wiki baada ya wiki. Tumechagua barua zinazogusa mambo ambayo bahasha ya dawa haiyaelezi.

SWALI: Nina miaka 38, naishi Morogoro. Niliandikiwa omeprazoli ya miligramu 20. Huu ni mwezi wa tatu naimeza kila usiku ninapopanda kitandani, lakini moto wa kifuani uko palepale. Je, mwili umeizoea dawa?

JIBU: Mwili haujaizoea, ndugu yetu. Dawa inafika wakati kazi imeshafungwa.

Ukuta wa tumbo una pampu ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazomwaga asidi. Tumbo likiwa tupu, nyingi huwa zimelala. Chakula kikiingia zinaamka kwa wingi. Omeprazoli na ndugu zake, yaani esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli, huifunga pampu iliyo kazini tu. Iliyolala haiigusi. Tena dawa haitoki mdomoni ikaenda moja kwa moja kwenye pampu: kapsuli hupita tumboni, chembe zake zikayeyukia kwenye utumbo mwembamba, dawa ikaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoirudisha kwenye ukuta wa tumbo. Safari hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa moja, pengine zaidi kidogo, na baada ya saa chache dawa imekwisha kwenye damu. Wewe unakula ugali saa 3 usiku, unameza kapsuli saa 4. Pampu zimeshamwaga asidi ya mlo huo, na zitakapoamshwa na chakula cha asubuhi sehemu kubwa ya dawa imeshapotea bure.

Badilisha hivi. Ukiamka, tuseme saa 12 asubuhi, meza kapsuli kwa glasi nzima ya maji. Kati ya saa 12 na nusu na saa 1, kula. Tunaposema kula hatumaanishi chai ya rangi mkono mtupu. Ni uji, mkate, yai, viazi, chochote kitakachoziamsha pampu. Kama wewe ni wa kutoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni na mlo wako wa kwanza ni wa saa 7 mchana, basi meza saa 6 na nusu mchana. Dawa inafuata mlo, haifuati jua. Na kama moto wako ni wa usiku peke yake, daktari anaweza kukuhamishia nusu saa kabla ya chakula cha jioni.

Pili, imeze kila siku. Wengi huitumia kama dawa ya kichwa: ikiuma nameza, ikitulia naacha. Kapsuli ya kwanza hufunga sehemu tu ya pampu, na kila siku mwili unatengeneza pampu mpya, ndiyo maana nguvu kamili huonekana siku ya 3 hadi ya 5. Siku hizo za mwanzo tuliza moto kwa dawa ya kupooza asidi, ile ya maji au ya kutafuna, saa moja hivi baada ya kula na unapokwenda kulala.

Tatu, usiitafune wala kuisaga kapsuli. Zile chembe za ndani zimepakwa ganda la kuzikinga na asidi. Ukilivunja, tumbo linaiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo. Asiyeweza kumeza kapsuli nzima aifungue, anyunyize chembe juu ya kijiko cha mtindi au rojo la tufaha, ameze papo hapo bila kutafuna, kisha anywe maji. Unyevu nao huiharibu. Kapsuli zilizohesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi, zikawekwa dirishani au jikoni, hasa mikoa ya pwani, hazidumu. Ukifungua moja ukakuta chembe nyeupe zimegeuka kahawia au zambarau, usiitumie.

Kwenye bahasha huandikwa 1x1 basi, na kosa linaanzia hapo. Ukikabidhiwa dawa hii usiondoke dirishani hadi uambiwe: kabla ya kula au baada, na ni dakika ngapi? Ukiimeza sawasawa kwa wiki 8 na moto ukabaki, rudi kwa daktari. Yeye ndiye wa kuamua kama utaongezewa dozi ya jioni au utapimwa kwa kamera, yaani mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni ili kuangalia ndani ya umio na tumbo. Usijiongezee mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Dar es Salaam. Nimekatazwa maharage, nyanya, ndimu, pilipili, chai, maziwa, dagaa, wali wa nazi, karanga na matunda yote. Nimebaki na uji na ndizi za kuchemsha. Kiungulia kimepungua kidogo, lakini nimepungua kilo 6 na nguvu sina. Nile nini?

JIBU: Pole sana, dada. Orodha hiyo ni ndefu mno, na nusu yake haina sababu ya kuwepo. Kilo 6 ni nyingi. Inawezekana zimeondoka kwa sababu umekula kidogo, lakini kupungua mwili ni dalili ambayo daktari lazima aiangalie, kwa hiyo nenda ukapimwe hata kama unadhani unaijua sababu.

Kati ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya kizibo. Unafunguka chakula kishuke, kisha unafunga. Kiungulia ni asidi kupanda kwenye umio kwa sababu kizibo kimelegea au kimefunguka pasipo wakati wake. Hivyo vyakula vinavyosumbua viko vya aina mbili, na ni vibaya kuvitia vyote kapu moja.

Aina ya kwanza hulegeza kizibo au hulijaza tumbo likasukuma juu: mafuta mengi, kahawa, chokoleti, pipi na chai ya mnanaa, bia na pombe zote, soda kwa sababu ya gesi yake, na sigara ingawa si chakula. Aina ya pili haigusi kizibo. Inachoma tu umio ambao tayari umechubuka, kama ndimu inavyowasha kwenye kidonda cha kidole. Humo mna ndimu, machungwa, nanasi, pasheni, nyanya na pilipili. Hivi vya pili wengi huvirudia bila tabu umio ukishapona, baada ya wiki kadhaa za dawa. Hakuna haja ya kuishi bila nyanya maisha yote.

Lakini kabla ya kuhesabu vyakula, angalia kiasi na saa. Sahani moja ya mlima wa ugali saa 3 na nusu usiku, baada ya kutwa nzima ya njaa, inasumbua kuliko maharage yoyote. Tumbo lililojaa pomoni linakivuta kizibo kikafunguka. Gawa chakula kilekile: ugali wa ukubwa wa ngumi yako mchana, wa ukubwa huohuo jioni, na katikati kitu chepesi kama ndizi mbivu, papai au kiazi kitamu. Mlo wa mwisho uwe umekwisha muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala. Ukilala saa 4 usiku, sahani iwe imeoshwa saa 1.

Mafuta ndiyo ya kupambana nayo jikoni, kwa sababu hulegeza kizibo na pia hukichelewesha chakula kutoka tumboni. Mchuzi wa watu wanne unatosha vijiko 2 vya chakula vya mafuta. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Samaki mchemshe au mchome badala ya kumzamisha kwenye karai. Ukipika kwa nazi, toa fungu lako pembeni kabla ya kutia tui la kwanza. Tui la pili, lile jepesi, wengi hulivumilia. Chapati za kusukuma zenye tabaka za mafuta, maandazi, vitumbua na chipsi weka mbali kwa mwezi mmoja kwanza.

Maharage si adui. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, uyaunge kwa kitunguu kidogo na karoti iliyokunwa badala ya nyanya ya kopo, ambayo ni kali kuliko nyanya mbichi. Kula kikombe kimoja, tena mchana. Dagaa waliokaushwa na jua, wakapikwa kwa mafuta kidogo, hawana kosa. Mchicha, bamia, matembele, ulezi, mayai ya kuchemsha, kuku aliyetolewa ngozi: kula.

Maziwa tuyaseme peke yake maana yanadanganya. Kikombe cha maziwa hupoza moto kwa muda mfupi, lakini baadaye tumbo hutoa asidi zaidi ya kuyasaga, na yakiwa na mafuta yote yanachelewa kutoka. Kunywa kama chakula ukipenda, usinywe kama dawa, na usinywe ukiwa unaelekea kitandani.

Kurudisha vyakula ulivyonyimwa, chukua daftari. Wiki 2 za kwanza kaa na vile unavyojua vinakupendeza. Kisha rudisha kimoja, kwa kiasi cha kawaida, siku 3 mfululizo, ukiandika saa uliyokula, ulichokula na saa moto ulipopanda, kama ulipanda. Hakuna kilichotokea? Hicho ni chako, endelea na kingine. Usirudishe viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokuchoma. Mwisho wa zoezi hili wengi hubaki na vyakula vitatu au vinne vya kuepuka, basi.

SWALI: Nalalia mito mitatu lakini asidi inapanda usiku hadi kooni, naamka nakohoa. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mito inakunja shingo na kiuno, tumbo linabanwa, asidi inasukumwa juu zaidi. Kinachotakiwa ni kitanda chenyewe kiwe na mteremko. Inua miguu ya upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa lina sentimita 15. Weka moja chini ya kila mguu, na kipande cha mpira wa tairi juu yake ili mguu usiteleze. Kwa mwenye godoro sakafuni, au anayelala na mwenza asiyetaka mteremko, fundi wa magodoro atakukatia sponji ngumu ya umbo la kabari: kichwani sentimita 20, ikishuka hadi kuisha kiunoni. Ikiishia mabegani haina kazi.

Lalia ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilala kushoto asidi hutuama chini ya kizibo. Ukigeukia kulia kizibo chenyewe kinazama ndani ya asidi. Na khanga, mkanda au suruali ya kubana kiuno ilegezwe tangu jioni.

SWALI: Nilipima damu Mwanza nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nimemaliza dozi ya dawa nyingi mara tatu, kila nikipima damu majibu ni yaleyale, na kiungulia hakijaisha. Bakteria huyu hafi?

JIBU: Huenda alikufa kwenye dozi ya kwanza. Bakteria huyu, H. pylori, ndiye Barry Marshall na Robin Warren walimkuza maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kipimo cha damu ulichofanyiwa hakimtafuti yeye. Kinatafuta askari ambao mwili uliwaandaa kupigana naye, na askari hao hubaki kwenye damu miezi na hata miaka baada ya adui kwisha. Kwa hiyo kukirudia kila baada ya matibabu ni kupoteza fedha, na kumeza antibayotiki mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya jibu hilo ni kuufundisha ukoo wa bakteria kuzishinda dawa.

Omba kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe, au kile cha pumzi kama kipo. Kabla ya kupima, ziwe zimepita wiki 4 tangu antibayotiki ya mwisho na wiki 2 tangu omeprazoli ya mwisho, maana dawa hizo humficha bakteria na kipimo kikasema hayupo kumbe yupo. Katika wiki hizo mbili tuliza moto kwa dawa ya kupooza asidi.

La pili ni hili, nalo ndilo linalowachanganya wengi. Vidonda vya tumbo na kiungulia ni magonjwa mawili. Kidonda huuma chembe ya moyo, mara nyingi njaa ikishika au usiku wa manane. Kiungulia ni moto unaopanda kutoka chembe kuja kifuani na kooni, pamoja na kucheua maji machungu, na huzidi ukiinama au ukilala baada ya kula. H. pylori akiuawa, kidonda hupona kwa kuwa chanzo kimeondoka. Kizibo kilicholegea hakimhusu. Kitabaki vilevile, na kinatibiwa kwa njia zake. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na hapo ndipo kamera inaposaidia.

SWALI: Natumia esomeprazoli mwaka wa pili. Nikiacha siku mbili tu moto unarudi mara dufu. Nimesoma kwamba dawa hizi zinaharibu mifupa na figo. Nitatokaje?

JIBU: Kwanza jua kama unatakiwa kutoka. Aliyewahi kutokwa damu na kidonda cha tumbo, anayekunywa aspirini au dawa za maumivu kila siku kwa amri ya daktari, na ambaye kamera ilionyesha umio uliochubuka vibaya au ngozi ya umio iliyobadilika, hawa huwa wanahitaji dawa muda mrefu, na faida yake ni kubwa kuliko hofu. Wasiache kwa sababu ya kitu walichokisoma.

Wewe kama si miongoni mwa hawa, moto unaoupata siku ya pili si ushahidi kwamba ugonjwa ungalipo. Pampu zikifungwa muda mrefu mwili hujibu kwa kujiandaa kutoa asidi nyingi zaidi, na ukiacha ghafla akiba hiyo yote hufunguliwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Denmark waliwapa watu 120 wasio na kiungulia ama esomeprazoli kwa wiki 8 ama kidonge kisicho na dawa. Walipoachishwa, asilimia 44 ya waliokuwa kwenye dawa walipata dalili za asidi, wakati kundi la pili ni asilimia 15. Walikuwa wazima! Dawa yenyewe iliwaachia moto wa muda.

Kwa hiyo shuka ngazi, usiruke. Kutoka miligramu 40 nenda 20 kwa wiki 2 hadi 4. Kisha 20 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki nyingine 2 hadi 4. Kisha acha. Siku za mapumziko moto ukipanda tumia dawa ya maji yenye alginati, itokanayo na mwani, ambayo hutandaza povu juu ya chakula tumboni. Wakati wake ni baada ya mlo na wakati wa kulala. Au famotidini miligramu 20 jioni. Famotidini ni nzuri kwa usiku, lakini ukiimeza kila siku kwa wiki moja au mbili mwili huizoea, iweke kwa siku mbaya. Ranitidini iliyokuwa ikitumika zamani iliondolewa katika nchi nyingi kati ya 2019 na 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Ukiuziwa ya akiba ya kabatini, ikatae. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo baada ya kuacha zitakuwa ngumu, wengine zaidi. Panga zisikutane na msimu wa harusi.

Kuhusu madhara: anayezitumia miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, magnesiamu na madini ya chuma, na hatari ya kuvunjika mifupa huongezeka kidogo, hasa kwa wazee wanaotumia dozi kubwa. Figo huathirika kwa wachache. Mwombe daktari akupime damu mara moja kwa mwaka. Na ukiwa unatumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, mwambie, kwa sababu omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu yake. Pantoprazoli ndiyo huchaguliwa.

SWALI: Ramadhani inanitesa. Nikifuturu tu, moto. Dawa nimeze saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Futuru kwa tende na maji, umeze kapsuli hapohapo, kisha uende ukaswali Magharibi. Ukirudi na kutulia, nusu saa imepita, sasa kaa kwenye futari. Kwa namna hii futari ndiyo inayochukua nafasi ya kifungua kinywa.

Shida ya futari ni kwamba viazi karai, sambusa, bajia, mihogo ya nazi na sharubati ya ukwaju huja kwa pamoja, juu ya tumbo lililokuwa tupu zaidi ya saa 13. Anza na uji au supu nyepesi, kidogo, na kitu kimoja cha kukaanga kama huwezi kukiacha. Mlo mzito uje baada ya Tarawehe, uwe umekwisha saa 3 kabla ya kulala; ukishindwa, uwe mdogo. Daku ndiyo hatari iliyojificha: watu hula wali na mchuzi, wakanywa chai, wakarudi kitandani. Kula daku nyepesi ya ulezi, mayai, ndizi, au mkate na maharage, kisha ukae wima hadi baada ya Alfajiri. Ukilazimika kulala, lalia kushoto.

SWALI: Nina mimba ya wiki 30. Kiungulia hakinipi usingizi. Bibi anasema mtoto ana nywele nyingi, na udongo ndio unaonituliza. Kuna dawa salama?

JIBU: Hongera, mama. Homoni za ujauzito hulegeza kizibo, na mtoto anayekua anabana tumbo kutoka chini. Nywele zisikupe hofu. Kinachotupa wasiwasi ni udongo: unazuia madini ya chuma kuingia mwilini, wakati ndipo unapoyahitaji kuliko wakati wowote, na mwingine una minyoo au madini ya risasi. Tamaa ya kula udongo pengine ni ishara kwamba damu imepungua; kliniki ijayo omba wapime hemoglobini.

Anza na milo midogo mitano, kitanda kilichoinuliwa, na kulalia kushoto. Ikishindikana, dawa ya kupooza asidi yenye kalsiamu au alginati inafaa; fuata kipimo cha kwenye chupa. Ipishane na vidonge vya kuongeza damu kwa saa 2 au zaidi, la sivyo dawa hizo zitashikana tumboni na chuma hakitaingia. Omeprazoli pia inatumika katika ujauzito, ila iandikwe na daktari. Baking soda kwenye maji usinywe: ina chumvi nyingi inayopandisha presha na kuvimbisha miguu. Na ukipata maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, pamoja na kichwa kuuma au macho kuona maruerue, hicho si kiungulia. Inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Natumia ARV yenye dolutegraviri. Naweza kutumia dawa za kiungulia?

JIBU: Omeprazoli haiigusi dolutegraviri. Tatizo liko kwenye dawa za kupooza asidi zenye magnesiamu au alumini, za maji na za kutafuna, maana hushikana na dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza ARV saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Kama mpango wako una rilpiviri, omeprazoli na ndugu zake ni marufuku. Onyesha kadi yako kwa mfamasia kabla hajakuuzia chochote.

SWALI: Baba yangu ana miaka 64, tuko Bomet, Kenya. Alikuwa na kiungulia cha miaka mingi, ananunua dawa dukani. Sasa wiki ya sita ugali unamkwama kifuani, ausukume kwa chai. Siku hizi anakunywa uji tu. Tumwongezee dawa gani?

JIBU: Msimwongezee yoyote. Mpelekeni akapimwe kwa kamera wiki hii. Chakula kigumu kikianza kukwama, kisha kikafuata laini, hadi mtu akabaki na uji, kuna kitu kinachoziba njia, na kila wiki ya kungoja inapunguza kinachoweza kufanyika. Unaweza kuwa mkunjo wa makovu ya asidi, ambao hupanuliwa. Inaweza kuwa saratani ya umio, ambayo ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia katika ukanda unaotoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Bomet imo ndani yake. Hospitali ya Tenwek, hapohapo kwenu, ina uzoefu mkubwa wa kazi hii.

Nyingi ya saratani hizo za kwetu hazitokani na asidi. Pombe, tumbaku na vinywaji vya moto sana vinahusishwa nazo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai ambayo lazima uivute kwa sauti ili isikuunguze bado ni ya moto mno. Ipozwe kwanza, kwa mzee na kwenu nyote.

Dalili nyingine zinazotaka kamera bila kusubiri ni kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi cha kunata kama lami (vidonge vya chuma navyo huleta choo cheusi, mtajieni daktari kama anavitumia), kupungua mwili, na kumeza kunakouma. Maumivu ya kifua yanayokuja akitembea au kupanda mlima, yakienda taya au mkono wa kushoto pamoja na jasho, ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo. Hapo anakimbizwa wodi ya dharura.

Beba dawa zake zote, hata za magoti. Ibuprofeni na diklofenaki huchubua tumbo na umio, na doksisaiklini ikimezwa kwa maji kidogo huganda na kuunguza ilipokwama. Kabla ya kipimo asile kwa saa 6 hadi 8, lakini kwa kuwa njia yake ni nyembamba, pigeni simu hospitali mapema, huenda wakataka anywe vitu vya maji tu tangu siku iliyotangulia. Mtu mzima aende naye, kwani akichomwa dawa ya usingizi hataruhusiwa kurudi peke yake.